Mwalimu wa Jiografia na Mahali Pasipokuwapo

Niliondoka Mbeya kwa sababu mpwa wangu Tulibako alikuwa anaolewa Kihesa, Iringa, na baba yake alikwisha fariki. Dada yangu aliwaambia wakwe waziwazi: bila mjomba kumshika mkono, binti hatoki nyumbani. Mjomba ni mimi, na masika yale mabasi yalikuwa yanafika kwa kudra ya Mungu.

Ijumaa asubuhi nilipata lifti kwa Bwana Robati, Mwingereza aliyefundisha jiografia shuleni kwetu. Tulichelewa kuondoka kwa sababu ya ufunguo wa Landrova, ambao alisema ameutafuta kila mahali chini ya jua. Ulikuwa mfukoni mwa shati lake. Nilipomwuliza kama tutawahi harusi ya kesho, akanijibu kwa Kiingereza kwamba Iringa ipo hapo tu, ukishakata kona. Tukakata kona. Tukaona Uyole, bado tuko Mbeya.

Baada ya Chimala, lami ilikuwa bado inatengenezwa, tukaelekezwa mchepuo wa kupita mbugani Usangu. Alasiri Landrova ikazama matopeni hadi ekseli. Akaja mzee mmoja, fimbo mabegani, akajitambulisha kuwa ni Masanja, Msukuma aliyehamia huko na ng'ombe wake. Alitupeleka kwake na kutupa maziwa mgando kabla hata hatujaeleza shida.

"Maksai ninao, ng'wanawane, mwanangu," akaniambia, "ila wamelima tangu alfajiri. Wamechoka. Labda kesho."

Kesho ndiyo ilikuwa harusi. Nikaweka kibuyu chini.

Hapo Bwana Robati, aliyekuwa amekwisha maliza kibuyu chake, akatazama mbuga yote na kusema kwa Kiingereza, kwa sauti ya kusifu, kwamba haamini amekuta watu wema namna hii katikati ya mahali pasipo mahali.

"Anasemaje?" akauliza mzee.

Waingereza husema hivyo juu ya sehemu yoyote iliyo mbali na kwao. Pale pasipo mahali palikuwa na zizi, mahindi, wake wawili na kaburi la mama yake mzee Masanja. Nikaona nusu ya maneno inatosha.

"Anasema hapa ni katikati."

"Katikati?"

"Ni mwalimu wa jiografia," nikaongeza.

Mzee akasimama. Akatazama upande wa Mbeya, kisha upande wa Iringa.

"Ndugu zangu walinicheka kwamba nimehamia pembezoni," akasema. Akaenda kufunga maksai nira.

Kihesa tulifika Jumamosi asubuhi. Wakwe walikuwa wamesimama mlangoni wakitazama saa. Ndani, Tulibako alikuwa amekaa kitandani na shela lake, amegoma kunyanyuka. Aliponiona na tope hadi magotini, alilia. Nami nililia, sioni haya kusema.

"Mjomba, ulikuwa wapi?"

"Hapo tu," nikamjibu, nikamshika mkono.

Jumatatu, wakati wa kurudi, tulimkuta mzee Masanja kando ya mchepuo pamoja na majirani zake.

"Mwulize huyu bwana," akaniambia. "Hawa nimewaambia kwangu ni katikati. Wananiuliza, katikati ya nini?"

Sikuwa na la kufanya. Nikamweleza Bwana Robati ukweli wote kwa Kiingereza. Uso ukamwiva. Akashuka garini, akavua kofia, akajibu mwenyewe kwa Kiswahili chake cha kuokoteza.

"Ya safari yetu, mzee. Bila hapa, sisi hatufiki."

Mzee akawageukia majirani. "Mmesikia."

Kwa ramani, katikati ya Mbeya na Iringa ni Makambako, na mwalimu wa jiografia alilijua hilo kuliko mimi. Nilichojifunza safari ile ni kwamba Mwingereza akitaja mahali, usikimbilie ramani, mtazame usoni kwanza. Na watoto wa Tulibako wakiniuliza katikati ya njia ni wapi, nawaambia ni kwa Masanja.