Bomba la Pumzi la Tsuma

Tsuma alikuwa fundi wa mabomba Changamwe, na alikuwa mtu wa wivu. Navitaja vyote viwili pamoja kwa sababu mwaka ule wa 1948 hukuweza kukiona kimoja bila kingine.

Kwao ni Ganze, ambako mama yake alikuwa akiondoka alfajiri kuteka maji na kurudi jua limeshakuwa kali. Mtu aliyelelewa hivyo hawezi kuona tone likidondoka akanyamaza. Mabomba yake ya maji baridi hayakuvuja kabisa, na mkewe, Kache, alimsifu kwa hilo miaka nenda miaka rudi. Kisha akaja Elkana.

Elkana alikuwa Mmaragoli aliyerudi kutoka vitani na ufundi wa maji ya moto. Kijana mpole, mcheshi, salamu kwa kila mtu. Tsuma alimchukia siku ile ile. Afadhali angekuwa na majivuno, angalau chuki ingepata pa kushika.

Kazi yao ilikuwa bweni jipya la wauguzi. Lilikuwa na pande mbili, na kila upande ulikuwa na boila lake, pipa la chuma linalokokewa moto kwa chini ili maji yapate joto na kupanda yenyewe mpaka kwenye tangi la darini. Msimamizi, Singasinga wa maneno machache, alimpa Elkana upande wa kushoto na Tsuma wa kulia. Atakayepanga mabomba vizuri zaidi ndiye atakayechora ya nyumba zote mpya za kule kilimani. Mwenzake atakuwa wa kukata na kufunga tu. Tsuma, na mvi zake, akate mabomba ya mchoro wa Elkana!

Walichora sakafuni kwa chaki, kwa ukubwa halisi. Msimamizi akavua viatu, akaufuata kila mchoro kwa miguu kana kwamba yeye ndiye maji: anatoka kwenye boila, anapanda, anaingia tangini, anapoa, anashuka tena. Wa Elkana aliutembea mpaka mwisho, akacheka. Wa Tsuma aliutembea mpaka mwisho, akavaa viatu. Kicheko kile kilimkaa Tsuma kooni wiki nzima, na michoro yenyewe, maskini, yote miwili ilikuwa sawa.

Mabomba yakafungwa, moto wa kujaribia ukawashwa. Kache ndiye aliyekuwa dobi wa bweni lile, kwa hiyo yeye ndiye aliyeyatumia maji kwanza. Alirudi nyumbani uso umemchangamka.

"Baba Nyevu, leo nimefulia maji ya Elkana. Yana moto hayo! Mashuka yametakata, hata sabuni sikutia nyingi."

"Na yangu je?"

"Yako pia mazuri."

Pia! Wallahi, Tsuma angetukanwa matusi ya nguoni angelala usingizi. Lakini kwa hilo "pia" aligaragara kitandani mpaka jogoo wakawika.

Asubuhi akapanda darini kutafuta joto lake linapopotelea. Akaliona bomba la pumzi, lile linalotoka juu ya tangi la maji ya moto na kuachwa wazi ili mvuke upate njia. Lilikuwa likitema tone, mvuke, tone. Alilichora kwa sababu kila fundi hulichora, ila moyoni hakuwahi kulikubali. Maji yanatupwa hivi hivi, tena ya moto! Akaliziba kwa kifuniko na kukikaza. Kisha akaligusa bomba la kuingizia maji baridi, akalikuta vuguvugu. Kumbe joto linatorokea huku nako! Akafunga na koki yake, akashuka ameridhika.

Chini ya ngazi akakutana na Elkana.

"Kaka Tsuma, mbona bomba lako la pumzi silisikii likitema? Lisije likawa limeziba."

"Umetumwa kunichunga?"

"La, kaka. Likiziba ni hatari, mvuke utapasua mabomba."

"Hatari kwako wewe. Leo maji yangu yatayapita yako."

Elkana akaenda mbio kumwita msimamizi. Anakwenda kunichongea, Tsuma akasema moyoni, na kwa hasira akaongeza kuni. Kache alikuwa chumba cha pili, amekuja kufua upande huu kwa kuombwa na mumewe mwenyewe.

Tsuma alikuwa ametoka nje uani mabomba yalipoanza kugonga ukutani, kwanza polepole, kisha kwa kishindo. Wakati huo huo msimamizi akatokea kwenye kona. Elkana aliwapita wote wawili, akaingia, akamtoa Kache kwa kumvuta mkono, akarudi kuzitoa kuni zinazowaka. Kiungo kimoja kikapasuka. Mvuke ukamchoma mkono kuanzia kiganjani mpaka kwenye kiwiko.

Walimketisha chini uani. Kache akapiga magoti, akaufunika mkono ule kwa shuka safi lililoloa maji baridi, akimsemesha kwa sauti ya chini. Ungedhani Tsuma angeona aibu, au angeshukuru. Alichoona ni mkewe ameushika mkono wa mwanamume mwingine.

"Mama Nyevu, mwache. Watamfunga bandeji hospitalini."

Kache hakuinua kichwa.

"Nilikuona kupitia dirishani. Mabomba yalipogonga nilikuita kwa jina. Ukageuka kumtazama msimamizi."

Elkana ndiye aliyejibu, meno ameyauma kwa maumivu:

"Hakukusikia, shemeji. Kelele zilikuwa nyingi."

Kache akayatazama macho ya Elkana, kisha ya mumewe, akajua ni uongo. Tsuma naye akajua kwamba amejua. Hakuwahi maishani mwake kumwonea mtu wivu kama aliomwonea Elkana kwa maneno yale.