Kazi ya Kukaa Tuli

Kabla hakijaitwa chuo, lilikuwa ghala la unga, na wenye ghala walikuwa ndugu wawili walioachiwa na marehemu baba yao: kaka mchoraji na dada mcheza dansi. Watu walidhani wataliuza. Wapi! Walifagia, wakapaka chokaa, wakatundika pazia zito katikati, kaka akachukua upande huu na dada upande ule, kisha wakabandika tangazo mlangoni kwamba wanafundisha sanaa. Majirani walicheka mpaka wakashika mbavu. Nani atoe ada mwanawe akafundishwe kurukaruka?

Jirani mmoja hakucheka. Alikuwa mke wa dereva aliyebeba unga enzi za mzee, na siku ya kwanza ya masomo aliwapelekea chai kwa huruma tu. Akakaa juu ya gunia kusubiri vikombe vyake, maana vikombe usipovisubiri havirudi. Mara Mchoraji akapiga kelele, "Shemeji, usitikisike!" Yeye akadhani ana nge mgongoni. Akaganda hapo hapo, pumzi kaibana, mpaka wanafunzi wote wakamaliza kumchora. Alipoambiwa hapakuwa na nge aliwapa maneno yao, tena bila kuchagua. Lakini kesho yake walimwita tena, safari hii kwa malipo.

Ndivyo alivyopata kazi, na ndivyo alivyopata jina la Tuli. Miaka ikasonga, akawa Mama Tuli, halafu Bibi Tuli.

Usidhani ni kazi ya mchezo. Hebu kaa wewe, mkono gotini, shingo umeinamisha kidogo, inzi akutembee puani, na nyuma ya pazia watu wanakanyaga sakafu kama wanaoua panya. Mgongo unawaka moto, mguu unakufa ganzi, na bado hutikisiki. Wifi yake, dada wa mumewe, alizoea kumtania, "Wenzio wanatoka jasho, wewe unalipwa kwa kuweka makalio chini!" Naye humjibu, "Njoo ujaribu basi, wifi, wewe usiyenyamaza hata usingizini." Alijivunia kazi yake, na alikuwa na haki. Mumewe alipofariki, kiti kile ndicho kilichomsomesha binti yao mpaka akawa muuguzi. Chuo nacho kikakua. Vyumba vikaongezwa, pazia likapisha ukuta wa matofali, vikaja vyeti na bango kubwa barabarani, na Mchoraji akafunga tai akawa Mkuu. Ila mwanafunzi wa uchoraji, awe nani, alianza kwa kumchora Bibi Tuli, na Mkuu akawaambia wote neno lile lile: chora unachokiona, si unachokijua.

Basi asubuhi moja alikaa kama kawaida. Katikati ya kipindi mkono wake wa kushoto ukawa mzito, ulimi ukamjaa mdomoni. Alitaka kuita mtu, sauti haikutoka. Mbele yake wanafunzi wamekodoa macho, wanachora. Hakuna aliyeinuka. Walikwisha kuambiwa kwamba bibi huyu hatikisiki, na kweli hakutikisika.

Mkuu alikuwa akipita nyuma yao na kukagua. "Wewe, mdomo umeupinda," alimwambia wa kwanza. Akasogea kwa wa pili. "Na wewe? Mnaibiana?" Kwa wa tatu akakuta mdomo ule ule. Akainua macho akamtazama Bibi Tuli mwenyewe, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu kipindi kianze.

"Mungu wangu! Shemeji!"

Kilikuwa kiharusi. Hospitalini binti alimkuta Mkuu kwenye benchi, vidole bado vyeusi kwa mkaa wa kuchorea. "Mlikuwa mnamchora?" akamuuliza. "Mama yangu anakufa, nyie mnamchora?" Mkuu alilia mbele za watu, na binti hakumbembeleza.

Bibi Tuli hakufa. Maneno yalirudi polepole, akatembea kwa fimbo, mdomo ukabaki umevutika upande. Lakini ule mkono wa kushoto ukawa unatetemeka, mchana na usiku, haumsikii mtu. Mkuu alikuja nyumbani na matunda, akasema, "Pumzika, shemeji. Umetufanyia mengi." Maneno mazuri, lakini yalimchoma kuliko sindano zote za hospitali. Maana hofu yake ilikuwa moja: asiyeweza kukaa tuli atakaa kwenye kiti kile afanye nini? Alijaribu peke yake dirishani, mkono wa kulia ukiubana wa kushoto. Alipouachia, ukacheza. Akaupiga kibao, akalia kwa hasira.

Hata hivyo, muhula ulipofunguliwa alivaa nguo zake za kazi.

"Mama, unawarudia watu waliokutazama unaumwa wasione?" binti alifoka.

"Waliona, mwanangu. Hawakujua tu wameona nini. Nipe fimbo. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi."

"Koleo lenyewe ni mwili wako, mama!"

"Ndiyo maana naenda nalo mwenyewe."

Mkuu alipomwona mlangoni hakujua acheke au akimbie. Alimshika mkono mpaka kitini, akamnong'oneza, "Tuufunike huu kwa mtandio?"

"Uache ulipo," alisema Bibi Tuli.

Akauweka gotini. Ukaanza. Wanafunzi wakatazamana, kisha mmoja mmoja wakainamia vibao vyao. Chumba kikawa kimya, ni mkaa tu unakwaruza na watu wanafuta, wanachora, wanafuta tena. Yeye alitazama ukutani huku aibu ikimpanda shingoni, akisubiri Mkuu aseme basi, inatosha.

Msichana wa mbele ndiye aliyeacha kwanza. Karatasi yake ilikuwa imetoboka kwa kufutwa, pale pale penye mkono.

"Nisamehe, bibi," akasema, machozi yakimlengalenga. "Mkono huu umenishinda."

"Hata mimi umenishinda," alisema Bibi Tuli. "Chukua karatasi nyingine."