Upande wa Ndani wa Jiwe la Uani

Jiwe lilikuwepo uani kwetu Kiseke kabla ya nyumba, na nyumba ilijengwa kwa kulikwepa. Lilikuwa kubwa kama chumba. Mama alianika dagaa juu yake, kuku walilala upande wenye kivuli, na mimi nilipanda hapo kila Jumapili baada ya ibada kuandika blogu yangu, kwa sababu ni hapo tu mtandao ulipokamata bila kusuasua.

Kuandika ni neno la heshima. Kwa kweli nilikuwa nafikiria kuandika. Siku za kazi nilikuwa stoo ya duka la vifaa vya ujenzi Igoma, nikihesabu mifuko ya saruji huku kichwani nikibadilisha mada ya blogu. Niandike kuhusu kutafuta ajira? Ajira nimepata, nitaonekana najisifu. Mapishi ya samaki? Mama ndiye anayepika. Ziwa? Kila mtu ana picha ya ziwa. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba blogu isiyo na mada moja haisomwi, na ushauri huo ulinikaa kooni kama mwiba wa sangara. Rasimu zilijaa, hakuna iliyotoka.

Kisha baba akatangaza mezani kwamba bibi anahamia kwetu kutoka Ukerewe. Magoti yalimsumbua mno, asingeweza tena kukaa peke yake. Angehitaji chumba, na nafasi pekee ilikuwa pale lilipokaa jiwe.

"Litapasuliwa," baba alisema.

"Na mwandishi wetu ataandikia wapi?" mdogo wangu wa kike akauliza huku akicheka. "Juu ya kuku?"

"Kwanza ataandika nini?" mama akasema. Hakuwa na ubaya. Aliuliza kweli.

Nisingeweza kumnyima bibi chumba kwa sababu ya mtandao, kwa hiyo nikajiwekea nadhiri: jiwe likiondoka kabla sijapata mada, naifuta blogu.

Mpasua mawe alikuja Jumamosi, mzee mcheshi aliyevaa kofia ya pama. Nilimwamkia, akaitikia marahaba huku akilizunguka jiwe na kuligongagonga kama mtu anayechagua tikiti maji.

"Hili kabla ya chakula cha mchana litakuwa vipande," alimwahidi baba.

Alipanga magogo pande zote, akawasha moto. Mama alikimbia kuanua nguo. Mchana ukafika na jiwe likawa limeshika masizi, lakini zima. Mzee alilipiga nyundo, nyundo ikarudi. Akaongeza kuni.

"Fundi," mama akaita kutoka jikoni, "chakula kimeiva, jiwe bado?"

"Mama, hili lina kiburi. Nipeni ugali kwanza, nitalijibu nikiwa nimeshiba."

Tukakaa kula. Mimi nilikuwa nafurahi kimoyomoyo, kisha nikajilaumu kwa kufurahi, kisha nikaanza kuwaza kama kujilaumu huko kunaweza kuwa mada.

Ndipo lilipopasuka, bila mtu kuligusa. Mlio wake niliusikia kwanza kwenye nyayo, halafu masikioni. Mzee alidondosha tonge. Tukatoka mbio.

Jiwe halikuwa vipande. Lilikuwa limegawanyika katikati, kutoka juu hadi chini, na nusu moja imeegemea nyuma kama mlango ulioachwa wazi. Nje lilikuwa lile lile tulilolizoea, la kijivu na masizi yake. Ndani lilikuwa jeupe lenye wekundu wa mbali, limejaa chembe nyeusi zilizometameta juani kama magamba ya samaki aliyetoka majini sasa hivi.

Miaka yote niliyokaa juu yake, mng'ao huo ulikuwa chini yangu, gizani. Hakuna jicho lililowahi kuuona, la mtu wala la mjusi. Sisi watano, wenye ugali vidoleni, ndio tuliokuwa wa kwanza. Nilisimama pale nikiwa siwazi chochote, jambo ambalo halinitokei.

"Nimepasua mawe tangu ujana," mzee akasema polepole, "na bado likifunguka naona haya, kama nimeingia chumba cha watu bila hodi."

Mama alifuta mkono kwenye kitenge, kama anavyofanya akikabidhiwa mtoto mchanga, akaugusa ule uso. "Nje moto vile," alinong'ona, "huku baridi."

Baba alirudi nyuma, akapima kwa macho. "Nusu hii ibaki. Uso huu utakuwa ukuta wa chumba cha bibi yenu."

"Si mliniita niondoe jiwe?"

"Utaondoa ile nusu nyingine tu, fundi; hii umeifungua, inatosha. Kamalizie ugali."

Jioni hiyo hiyo niliandika juu ya upande wa ndani wa jiwe letu, maneno machache, nikiwa nimesimama uani. Mdogo wangu aliinyanyua simu juu ya kichwa chake hadi mtandao ukakamata, na blogu ikapata andiko lake la kwanza.

Jumapili iliyofuata nilikwenda kwa jirani ambaye sebule yake ina jiwe badala ya ukuta wa nyuma.

"Shikamoo mama. Naomba unisimulie mmeishije na jiwe hili."

"Marahaba. Wewe si uko duka la saruji? Umekuja kutuuzia saruji ya kulifunika?"

"Hapana mama. Naandika."

Alinitazama, akacheka, akanisogezea kigoda. "Keti basi." Nikaketi, nikaegemea. "Hapo unapoegemea ndipo nilipojifungulia mwanangu wa kwanza."

Niliondoa mgongo wangu kwenye jiwe, nikaligeukia.