Kitufe cha Biti

Mpaka leo nikiona mtu anagusa kile kitufe cha biti kwenye kinanda, damu inanichemka. Ukikibonyeza, ngoma inaanza kujipiga yenyewe na kanisa letu zima hapa Kiplombe linaruka. Sawa, siku ya harusi rukeni. Lakini si kila wimbo!

Mama yangu alikuwa ameacha kuja kanisani kwa sababu ya hizo ngoma. Alisema spika zetu zinampiga kifuani mpaka anasahau alichokuja kumwambia Mungu. Yeye, aliyeimba alto kule Burnt Forest tangu usichana wake, sasa Jumapili anabaki nyumbani na redio! Iliniuma sana. Basi mimi, mwalimu wa kwaya, nikamtungia wimbo mfupi wa baada ya komunyo: kinanda kinashikilia noti za chini, polepole, na sauti nne zinaingia moja moja zikiimba "mmm" tu, midomo imefungwa, kama ukungu wa asubuhi unavyopanda kutoka mashamba ya viazi ya kwao. Nikamwambia, "Mama, njoo Jumapili. Hakuna ngoma. Haki ya Mungu."

Mazoezi yalikuwa vita. Mabesi waliuliza, "Sasa Mwalimu, maneno iko wapi?" Mwenyekiti wa kwaya akasema watu watalala. Mpiga kinanda wetu, bwana anayepiga harusi zote za mtaa wa Pioneer, alinitazama kana kwamba nimemfunga mikono.

"Hata kabiti kadogo, Mwalimu?"

"Hata kadogo."

Wakakubali. Wote walikubali, nawaambia!

Jumapili Mama alikuja na kitambaa chake cheupe kichwani, akakaa benchi za mbele. Teno walipoingia nilimwona amefumba macho, midomo yake inatafuta alto ambayo hakuna aliyemfundisha. Machozi yalinilengalenga. Ndipo mwenyekiti akamkonyeza mpiga kinanda, na yule bwana akanyoosha kidole chake. Dum-taka, dum-taka! Vigelegele, makofi, benchi zinatikisika. Nikapunga mikono kumzuia. Ati akadhani nataka zaidi, akaongeza sauti! Jamani, hivi mtu hata aibu hana?

Mama akachukua mkoba wake akatoka. Niliiacha kwaya pale pale nikamfuata, na hakuna aliyegundua, kwa sababu biti haihitaji mwalimu. Nilimkuta ameketi kando ya tangi la maji, mkono kifuani.

Wimbo ukaisha. Tukamsikia Padre kwenye spika: "Mwalimu wetu ametutungia wimbo moto kweli kweli! Hebu mpigieni makofi ya kilo!" Wakapiga, na wengine wakapiga miluzi.

"Wanampigia nani?" Mama akauliza.

"Mimi, Mama."

Hakunitazama. "Ulisema hakuna ngoma."