Moto Ulikuwa Nje

Kosa ni langu. Nalisema mapema, ili usihangaike kunitafutia udhuru huku ukisoma. Nimeshatafutiwa udhuru wa kutosha, na wote niliupokea.

Wakati wa vita nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi mjini Beni, upande wa Beu. Risasi zilipozidi, mama yangu alikwenda Butembo kwa dada yangu mkubwa. Magoti yake yalikuwa mabovu, asingeweza kukimbia. Mimi nilibaki kwa sababu shule ilikuwa bado inafunguliwa, na nyumba ilihitaji mtu.

Nyumba yenyewe aliijenga marehemu baba. Miti na udongo, mabati juu, na mawe mazito ya kuyakandamiza mabati yasipeperuke. Katikati ilisimama nguzo moja kubwa iliyobeba paa lote, na karibu yake mafiga matatu ya kupikia. Wageni walicheka, jiko gani hili sebuleni! Baba hakuwa mjinga. Moshi ulipanda kila siku mpaka nguzo na mbao zikawa nyeusi, na mchwa hawakuzigusa.

Siku ya kuondoka mama alinishika mkono.

"Mutoto yangu, usiache moto izimike. Kama moto hapana, hii nyumba itakuliwa. Muchwa haipendake moshi."

Ni hilo tu. Hakuniomba kingine.

Niliwasha kwa wiki chache. Halafu, jamani, ile harufu! Nywele moshi, blauzi moshi. Mwalimu mwenzangu mmoja akanitania mbele ya wengine kwamba nanuka kama samaki wa kukaushwa. Walicheka wote, nami nikacheka, lakini aibu ilinikaa rohoni. Nikanunua mbabula, lile jiko dogo la makala, yaani mkaa, nikaanza kupika uani. Makala yakishika vizuri hayana moshi. Nikawa nanukia sabuni.

Simu hatukuwa nazo. Habari zilisafirishwa na madereva wa malori, na mama alituma swali lile lile kila mara: moto iko? Nami nilimjibu dereva, "Umuambie moto iko."

Mara ya kwanza dereva alicheka sana. "Moto gani, Mwalimu? Ya masasi ao ya jikoni?"

"Ya jikoni, bwana! Usimuogopeshe mama yangu na mambo ya risasi!"

Unaona? Sikusema uongo. Moto ulikuwepo kweli, kila siku. Nilijiambia hivyo, tena kwa kiburi.

Vijia vya udongo vilianza chini ya nguzo, vyembamba kama kamba. Nilivifagia. Vikarudi, nikavifagia tena. Siku moja niligonga nguzo kwa kidole, ikalia kama sanduku tupu. Nikaenda kusahihisha madaftari ya watoto.

Ole wangu! Ningemwita fundi aegemeze mti mwingine. Ningemwambia dereva ukweli.

Badala yake, niliposikia kwamba njia imetulia na mama anarudi, nilichota udongo mweupe nikaikandika nguzo kutoka chini hadi juu. Ikapendeza. Nilitaka asione.

Alifika mchana, mvua ikiwa imenyesha tangu asubuhi. Alikuwa na mfuko wa viazi vya Butembo na furaha ya mtu aliyerudi kwake. "Ah, mutoto yangu, nyumba iko muzuri! Umepaka na rangi!" Akaketi kwenye kiti chake kando ya mafiga, nami nikatoka uani kupepea makala nimpikie.

Nikamsikia akiita kutoka ndani. Sauti haikuwa ya hasira, ilikuwa ya mtu anayeshangaa.

"Mutoto yangu, haya mafiga iko baridi. Moto iko wapi?"

"Huku inje, mama!"

Nadhani aliegemea nguzo, kama alivyozoea. Sijui. Nilisikia mti ukivunjika, halafu mabati, halafu mawe. Nilikuwa bado nimeshika upepeo mkononi. Makala yalikuwa yameshika vizuri.

Majirani walimtoa. Alikuwa amekwisha kufa.

Matangani watu walizungumza wao kwa wao. Mzee mmoja jirani alisema, "Ni mabombe ilitikisa hii nyumba. Vita njo imemuua." Wengine wakaitika, wakalaani vita. Dada yangu alinikumbatia akisema pole, mdogo wangu, umebaki peke yako na mambo makubwa. Ile nguzo, waliyoivuta nje walipomtoa, ilikuwa imelala uani, nyeupe kwa nje, ndani udongo mtupu. Hakuna aliyeitazama. Nikanyamaza.

Nimenyamaza mpaka leo. Kila mwaka kwenye misa ya marehemu jina lake husomwa pamoja na waliouawa na vita. Watu hulia. Mimi sijalia hata mara moja, wala siku ile. Nasikia jina likipita, nasubiri linalofuata, narudi nyumbani kupika.

Vita vilifanya mengi. Hili sikubali tena vibebeshwe.

Wewe unayesoma, kama uliachiwa nyumba ya mtu, fanya kile ulichoambiwa, pale pale ulipoambiwa. Nguzo ikilia tupu, usiipake rangi! Piga kelele, aibika, uchekwe. Na ukiulizwa kama moto upo, taja uko wapi. Mama yangu aliuliza uko wapi mara moja tu, na nilimjibu ukweli akiwa tayari chini ya paa.