Baba Alipoambiwa Anashuka

Ipo siku moja, mwanangu, naikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, na mpaka leo sijui niicheke au niililie. Ni siku tuliyompeleka baba hospitali ya mjini Iringa, mimi na kaka yangu Augustino, kwa lori lililopita kwetu Kalenga likiwa limejaa magunia ya mahindi. Ilikuwa miaka ya hamsini. Mimi msichana nimemaliza darasa la nane kwa masista, na pale nyumbani mwenye Kiingereza nilikuwa peke yangu. Usiniulize kilikuwa Kiingereza gani.

Baba alikuwa amekonda, anakohoa, na akipanda kilima kidogo tu husimama akajifanya anatazama mashamba ya watu. Daktari, Mzungu mmoja mpole, alimpima kifua, akamtazama macho na kucha, kisha akanigeukia mimi akasema maneno mengi. Niliyashika machache. Katika hayo machache lilikuwamo moja alilolirudia: diklaini. Nalitamka hivyo kwa sababu ndivyo tulivyozoea kulitamka sisi. Maana yake nilikuwa naijua. Shuleni tulilisoma katika habari za bei ya pamba: bei inashuka, inapungua, jana ilikuwa juu na leo si ya jana. Lakini bei ya pamba haina watoto. Nilitaka kumwuliza daktari, anashuka vipi, mpaka wapi? Nikaona haya. Msichana aliyesomeshwa kwa ng'ombe wa baba yake atauliza tena nini? Wazee walisema kuuliza si ujinga, nami nilidhani waliwaambia wajinga tu.

Tulipotoka nje kaka akanishika mkono. "Kasemaje?"

"Anasema baba anashuka."

"Anashuka kwenda wapi?"

"Anashuka tu."

Tukapanda lori tukarudi, baba kakaa katikati yetu, wala hakuna aliyethubutu kumtazama usoni.

Basi neno likaingia nyumbani kwetu, likakaa kitako. Mama alilielewa kwa njia yake, kaka kwa yake. Jirani mmoja akauliza kama diklaini inaambukiza, na tangu hapo akija hanywi tena kwenye kibuyu kimoja na baba. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya, mwanangu, na hapo ndipo ninapochanganyikiwa kila nikikumbuka. Kaka alichukua kisu cha baba cha kugemea pombe ya mianzi, akasema, "Baba, wewe pumzika, ulanzi nitagema mimi." Mbuzi wa baba, mama aliwapa watoto wa jirani wawachunge. Watu waliokuja kumwuliza habari za mipaka ya mashamba tuliwaelekeza kwa baba mdogo. Mimi nilimpokonya hata jembe, kwa upole kabisa, huku nikimwita baba yangu kipenzi.

Naye baba, mtu wa kuamka kabla ya jogoo, akaanza kulala mpaka jua linapanda. Ugali akaacha nusu. Siku nyingine hata uso hakunawa. Kaka akanivuta pembeni: "Unaona? Daktari alisema." Ndiyo, niliona, ila sikuelewa nilichokuwa nakiona. Je, baba alikuwa anashuka kwa sababu daktari kasema kweli, au kwa sababu sisi tulikuwa tunamshusha? Nilikwenda mtoni kuchota maji nikakaa juu ya jiwe nikalia. Neno lilitoka kinywani mwangu, na ulimi hauna mfupa, sikujua nitalirudishaje.

Ndipo alipokuja shangazi, dada mkubwa wa baba, kutoka ng'ambo ya mto. Mwanamke mfupi, mkali, ambaye hata baba alimwogopa kidogo. Alitoa salamu yetu ya "Kamwene" mlangoni bila kusubiri kuitikiwa, akamkuta mdogo wake kajikunyata jikoni msimu wa ulanzi, wakati wanaume wenzake wako kwenye mianzi.

"Nani anagema?"

"Mimi, shangazi," kaka akajibu.

"Na mianzi inatoa?"

Kaka akakiri kwamba haitoi. Alikuwa anakata vipande vinene, na machipukizi yalikuwa yanakauka moja baada ya jingine.

Shangazi akanigeukia. "Wewe msomi. Hilo neno la Mzungu limesema mdogo wangu anashuka. Limesema amefika?"

"Hapana, shangazi."

"Limesema atafika lini?"

"Halikusema."

"Sasa mbona mnagawana kazi zake kama watu waliokwisha kuanua matanga? Mwanzi ukianza kupunguza ulanzi, mnauacha? Ukiuacha umekauka. Unaugema vilevile, asubuhi na jioni, ila kipande unachokata kinakuwa chembamba zaidi."

Akachukua kisu kwa kaka, akampa baba. Baba akakishika. Tukatoka naye, kaka kamshika kiuno. Aligema mianzi michache tu iliyo karibu na ua, akipumzika kila baada ya mmoja, na kila alipokata alimsema kaka: "Tazama hapa. Wewe ulikuwa unagema au unachinja?" Ilikuwa sauti yake ya zamani. Mama akaenda nyuma ya nyumba, eti anatafuta kuni.

Usidhani alipona. Hakupona. Kila msimu mianzi aliyoiweza ilipungua, mwishowe akawa anakaa kwenye kigoda na kumwelekeza kaka kwa fimbo. Lakini alikuwepo nilipoolewa Mbeya, na alikuja kwetu huko, Mwanjelwa, kumwona mjukuu wake, akalalamika kwamba chai yetu ni nyepesi. Alifia kwake, watu wakiwa bado wanamjia na ugomvi wao wa mipaka. Kwa hiyo daktari alisema kweli tangu siku ile. Neno lilikuwa la kweli, na sisi tuliolishika tulikosea. Mambo hayo mawili yanakaaje pamoja? Nimezeeka na swali hilo na bado linanizungusha.

Kidogo nilichoambulia ni hiki. Ukiambiwa mtu anashuka, uliza ni nini kinachoshuka, kisha uliza ni nini kilichobaki. Usione haya kuuliza mara ya pili, awe daktari au nani. Na kile kilichobaki mwachie mwenyewe, hata kama wewe ungekifanya upesi zaidi. Kuteleza si kuanguka, na hujafa hujaumbika. Hayo unayajua tangu utotoni, ila kuyajua ni kazi rahisi.

Juzi nilikusikia ukinong'ona na mwenzio sebuleni, habari zangu mimi mama yako na magoti yangu. Funguo zangu za stoo nazo naona zimehama. Sikukasirika, mwanangu. Najua ni mapenzi, maana nami nilimpenda baba vivyo hivyo. Zirudishe.

Mungu akupe umri mrefu, na akujalie watoto wenye subira ya kutembea nyuma yako siku hatua zako zitakapokuwa fupi. Nami ninavyoteremka hivi, nishike mkono, nitafurahi. Lakini usinitangulie kufika.