Aliniaga Mimi, Nikasema Sikuambiwa

Admin, nifichie jina, maana hata wanangu wanaingia humu. Nina miaka sitini na mbili, naishi Buhongwa, ila kwetu ni Magu. Jambo hili nimelibeba tangu miaka ya tisini na sasa limenishinda.

Miaka ile wanunuzi binafsi wa pamba ndio walikuwa wameanza kuingia, kila mtu anataka kuongeza shamba. Nikagombana na jirani yangu, nimwite Shija, kwa sababu ya mpaka. Sote tulikuwa sungusungu, walinzi wa kijiji. Sheria ilijulikana: yowe likipigwa unatoka, usipotoka unachapwa. Ukisafiri unamuaga jirani, ndiye atakayekusemea.

Asubuhi moja Shija akapita kwangu, mke wake ana uchungu, anamkimbiza hospitali. Pamoja na ugomvi wetu akaniaga mimi, kwani jirani ni jirani. Mchana ng'ombe za watu zikaswagwa na wezi, yowe likapigwa, Shija hayupo. Wakauliza yuko wapi. Nikanyamaza.

Aliporudi akaitwa mkutanoni. Akaninyooshea mkono, akasema, "Huyu nilimuaga."

Nikasema, "Sikuambiwa."

Fimbo ya kwanza niliipiga mimi. Jamani, nilipiga kwa hasira ya mpaka, nikalenga kichwa. Sikio lake la kushoto halijasikia tena. Alinisamehe, eti nilisahau tu, binadamu tunasahau.

Marehemu mama alikuwa akinionya kwa Maandiko kwamba ukatili wa mtu humrudia kichwani mwake mwenyewe. Nilimwona mama wa dini tu. Basi mwaka huu ukatili wangu umerudi, na haukunipata mimi. Mwanangu wa mwisho alitumwa mzigo sokoni, mtu akamfananisha, akaitiwa mwizi, watu wakamzunguka. Akawaomba wamuulize mwenye duka aliyemtuma. Mwenye duka alikuwepo, anaona, akanyamaza. Wakampiga, jicho moja limekwenda.

Jumapili Shija alikuja kumpa pole, na mchele wa Magu kwenye kikapu. Akahamisha kiti ili asikie kwa sikio zima. Nikamsimulia ya sokoni. Akamshika mwanangu mkono, akaniuliza polepole, "Huyo aliyenyamaza, mzazi mwenzangu, usingizi anaupata kweli?"

Nikasema sijui. Nikatoka nje nikalia kama mtoto.

Jumapili hii anarudi. Nikisema, mwanangu naye atasikia baba yake ni mtu gani. Ndugu zangu, nimwambie mbele ya mtoto, au niende nalo kaburini? Msinionee huruma, nielekezeni tu.